Watoto wa Garissa Washukapo Manda

Kaunti ya Garissa imepakana na Lamu upande wa kusini, lakini haigusi bahari hata kwa shubiri moja; kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Garissa, au Wajir, au Mandera, aghalabu huiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa safarini pamoja na ahali yake, ama katika likizo ya shule, ama katika Mfungo Sita, wakati waumini kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki wanapokwenda Lamu kuhudhuria Maulidi ya Msikiti wa Riyadha. Wako wanaopita nchi kavu, kwa Garsen na Witu hadi gati ya Mokowe. Lakini kwa kuwa njia hiyo ni ndefu, na kwa kuwa watu wameingiwa na hofu juu yake tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, wenye uwezo hupendelea kwenda Nairobi kwanza, wakapanda ndege ya saa moja na ushei hadi kiwanja cha Manda. Hao ndio ninaowaandikia, kwa sababu wazazi wengi huifikiria sana ndege, na huufikiria sana ufuo, wakasahau kabisa yaliyo baina ya viwili hivyo, nayo ndiyo yenye mashaka makubwa zaidi kwa mtoto mdogo.

Juu ya ndege nitasema machache. Mtoto asiyetimiza miaka miwili hupakatwa. Na ndege ndogo zitokazo kiwanja cha Wilson, Nairobi, mara nyingi huruhusu kilo 15 tu za mizigo kwa abiria, katika mifuko laini. Kilio kinachosikika ndege inapoteremka si utundu: kijia chembamba kiunganishacho sikio na koo, ambacho kwa mtoto ni chembamba zaidi, hushindwa kusawazisha nguvu ya hewa, na dawa yake ni kumeza. Mtoto mchanga anyonyeshwe, mkubwa apewe maji kidogo kidogo, tangu ndege ianzapo kushuka. Asingojewe hata magurudumu yaguse ardhi.

Mlango ufunguliwapo, mtoto wa Garissa hukutana na joto asilolizoea. Kwao ni joto kavu, jasho hukauka mara litokapo. Hapa hewa imejaa unyevu, jasho hubaki mwilini, na harara humtoka shingoni na kwapani upesi. Nguo nyepesi ya pamba na chupa ya maji viwe katika mkoba wa mkononi, wala si katika mizigo iliyofungwa.

Baada ya hayo ndipo kazi yenyewe huanza. Kiwanja kiko kisiwa cha Manda, na mji wa Lamu uko kisiwa chake, mkondo wa bahari ukiwa katikati. Hakuna teksi ya kumngoja mtu nje, bali abiria huteremka kwa miguu hadi gatini, ambako mahamali huwahi mizigo na manahodha huita wateja, na mzazi aliyechoka, asiyejua nauli wala njia, hujikuta akiitika kila aitwapo. Nauli na ipatanwe kabla ya mzigo kuinuliwa. Maji nayo hayangojei mtu: siku za bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huwa kubwa mno, na maji yakipwa boti hukaa chini sana, ngazi zikawa na utelezi, na likizo ya Agosti huangukia msimu wa kusi, upepo uuchafuapo mkondo.

Nilimwona pale mama mmoja, mchanga amembeba mgongoni, wa pili amemshika mkono, mkoba begani, ameweka mguu mmoja juu ya ubavu wa boti na mwingine ungali ngazini, wimbi likaisogeza boti nje. Lau si baharia aliyemdaka kiwiko, wangaliingia majini wote watatu. Utaratibu ulio salama ni mwepesi: mtu mzima mmoja ashuke kwanza, mikono mitupu, aketi; watoto wapokezwe kwake mmoja mmoja; mizigo iwe ya mwisho. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, na uchache huo ndio uwafanyao watu kudharau majaketi ya uokozi.

Watu wa Garissa hawahitaji kufundishwa hatari ya boti. Aprili 2024, mto Tana ulipofurika ukaikata barabara ya Madogo, boti iliyojaa abiria ilipinduka Kona Punda, na roho zikapotea karibu kabisa na mji wao. Maji ya Manda ni maji vilevile. Basi, ndugu mzazi, ulizia jaketi la kimo cha mwanao kabla hujaulizia nauli, maana la mtu mzima humtoka mtoto kichwani akiisha kutumbukia. Na boti isiyokuwa nalo iache iende, itakuja nyingine.