Nyumba Inauzwa Mombasa: Je, Ardhi Yake ni ya Nani?

Mkulima wa Kiritiri auzaye muguka huijua Mombasa hata kama hajapata kuiona bahari, kwa kuwa majani yachumwayo Mbeere hutafunwa pwani. Basi si ajabu akiletewa habari kwamba kuna nyumba ya jamaa inauzwa Majengo, karibu na Mwembe Tayari ambako mabasi ya bara hushusha abiria. Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu kila upande wa ujia, mbele baraza, nyuma ua wenye jiko na choo. Kila chumba kina mpangaji. Bei yake ni ndogo kuliko alivyotazamia, naye huanza kuhesabu ni ekari ngapi za shamba lake zitakazotosha kuilipa.

Hapo yapasa aulize kwanza kinachouzwa ni nini.

Katika nchi ya Mbeere swali hilo lingechekesha. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na ilipopimwa na kuandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1968, koo zilishindana kwa mashauri marefu juu ya mipaka. Aliyepata hati alijua kwamba nyumba iliyo juu ya ardhi hufuata ardhi. Nani angenunua nyumba akaacha shamba?

Mombasa mambo ni mengine. Tangu zamani wenye viwanja waliwaruhusu watu kujenga, mmoja akipokea kodi ya ardhi, wa pili akibaki na nyumba yake. Mwenye nyumba aweza kuipangisha, kuirithisha, hata kuiuza, wala si udanganyifu. Desturi hiyo huitwa nyumba bila ardhi, na jamaa nyingi zimelelewa humo. Lakini mgeni anunuaye kwa namna hiyo hununua kuta, milango na mabati tu. Mwenye kiwanja hayumo katika mapatano yao, na siku atakapokitaka kiwanja chake, mnunuzi aweza kujikuta mahakamani akigombania mahali ambapo hakupanunua. Sheria ya hati za ardhi za pwani ilitungwa mwaka 1908, na daftari zipo. Mtu aweza kuomba upekuzi katika ofisi ya ardhi, akajua jina lililoandikwa kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Tena nyumba ya jamaa ina wenyewe wengi. Anayeionyesha huenda ni ndugu mmoja tu. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane wa marehemu aliyeacha watoto ana thumuni yake, na binti ana nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Dada aliyeolewa Lamu au kaka aliyehamia Maskati hakupoteza haki yake kwa kuwa mbali. Mirathi hiyo huthibitishwa katika mahakama ya Kadhi. Na kama babu aliifanya nyumba kuwa wakfu, haiuzwi kama mali nyingine, hata warithi wote wakitia sahihi.

Jambo lililo zito zaidi liko nyumbani Kiritiri. Shamba linalokusudiwa kuuzwa ndilo linalolisha watoto, na huenda mke ndiye alilimaye. Mara nyingi yeye huambiwa mwisho, jambo lisilo la haki. Sheria yataka idhini ya mke au mume. Kadhalika, kwa sheria ya mwaka 1967, shamba haliuzwi bila kibali cha Bodi ya Kusimamia Ardhi, na ombi lapasa kupelekwa katika muda wa miezi sita tangu mapatano. Bodi ikikataa, mapatano hubatilika, na fedha zilizokwisha kulipwa hudaiwa kama deni.

Mtu mwenye busara, basi, huanzia kwa mkewe, halafu hupanda basi kwenda Mombasa kufanya upekuzi, akiwa bado na hati ya shamba sandukuni.