Kuku ya Kukaanga Yenye Kukauka Muzuri, Bila Unga wa Ngano

Mama musomaji, na ninyi vijana munaopenda kupika, tuseme ukweli: siku ya sikukuu sahani ya kuku inazunguka mezani, na mutoto wako mumoja anaambiwa, "Wewe hapana, hii itakuumiza." Je, utaimeza namna gani?

Kuna watu ambao matumbo yao hayapatane na gluteni. Iko ndani ya ngano, na ndani ya shayiri ile wanayotengeneza nayo pombe. Hata kidogo tu inaharibu utumbo wao: kuhara, kukonda, damu kupunguka. Mwaka 1950 munganga wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliandika akionyesha kwamba ngano ndiyo inawaumiza. Lakini usiondoe mukate wewe mwenyewe mbele ya kumuona munganga, kwa sababu kipimo cha damu kinataka mutu awe angali anakula ngano.

Sisi watu wa bukari tuna bahati. Mahindi, muhogo, muchele, mutama, yote haina gluteni. Tena unga wa muhogo unakauka na kulia katika meno kupita ule wa ngano!

Kama ni kuku ya mugini, nyama yake iko nguvu. Uichemshe kwanza na chumvi, tangawizi na vitunguu saumu mpaka ilainike, kisha uipanguse na kitambaa safi mpaka ikauke kabisa. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Maji ikibaki kwenye ngozi, unga utaanguka ndani ya mafuta. (Mimi pia niliharibu kuku nzima hivi, watoto walicheka wiki nzima.)

Changanya vikombe 2 vya unga wa muhogo na kikombe 1 cha unga wa mahindi, chumvi na pilipili. Vitu vya duka vya kukoleza, soma karatasi yake, vingine vina ngano. Chovya kipande katika yai lililopigwa, kigaragaze katika unga, ukiache dakika 10 unga ushike.

Makala ya mbabula iwake muzuri. Tumbukiza kijiti cha muti katika mafuta: mapovu yakikizunguka, iko tayari. Tia vipande 3 ao 4 tu. Ukijaza sufuria, mafuta inapoa na unga unayakunywa. Kuku iliyochemshwa, dakika chache zinatosha. Ile ya friji isiyochemshwa inataka kama dakika 15, moto wa katikati. Choma kisu karibu na mufupa, damu ikitoka, irudishe.

Usiifunike na sahani, mvuke utailegeza. Ipange juu ya waya ya kuchomea samaki.

Na mafuta isiwe ile ya jana uliyokaangia mikate ya ngano. Sokoni pia, angalia kama kopo la muuzaji la kupimia mahindi halipimi ngano vilevile.