Gari la babu lililo juu ya mawe: anzeni na breki, si ufunguo

Limekaa chini ya mwembe tangu babu aache kuendesha. Matairi yamelala, kuku wanataga nyuma ya siti, na usukani umekuwa mali ya watoto. Kila jioni wanasafiri nalo hadi Tabora na kurudi bila kutoka uani. Kisha msimu wa tumbaku au asali unakwenda vizuri, fedha kidogo inabaki, na baba mwenye nyumba anaamua kwamba mwaka huu gari litafufuliwa.

Kwa Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, hamu hiyo inaeleweka. Huu ni mji uliozungukwa na misitu ya miombo, na kwa miaka mingi barabara zake zilikuwa za vumbi kiangazi na tope masika. Gari lililoaminiwa katika njia za namna hiyo lilikuwa Land Rover. Ya kwanza ilioneshwa Amsterdam Aprili 30, 1948. Series III, ambayo wazee wengi wanaikumbuka, ilianza kutengenezwa mwaka 1971 na ikakoma 1985. Maana yake, hata iliyo changa kabisa kati ya hizo imevuka miaka 40.

Uzuri wake ni kwamba haina kompyuta. Fundi mwenye spana, subira na sikio zuri anaweza kuirudisha barabarani. Lakini wiki hizo za matengenezo ndizo zenye hatari kubwa kwa familia, kwa sababu gereji ni ua uleule wanaochezea watoto.

Kabla ya kushika spana

Jambo la kwanza ni kuwatoa watoto ndani ya gari. Mtoto akijifungia ndani wakati wa jua kali, joto linaweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Milango ifungwe kwa ufunguo. Kama vitasa vimekufa, ifungwe kwa kamba.

Pili, kagueni wapangaji. Nyuki hupenda uwazi wa chesisi na nyuma ya taa, na Inyonga haikosi mfugaji wa nyuki wa kuitwa awahamishe jioni kwa usalama. Nyoka hufuata panya, na panya hujenga viota kwenye injini na kutafuna nyaya. Tumieni fimbo kwanza, mkono baadaye.

Tatu, mwageni maji yaliyotuama kwenye matairi ya zamani. Humo ndimo anamozaliana mbu anayeeneza homa ya dengue.

Petroli iliyolala

Petroli iliyokaa miaka huchacha. Sehemu nyepesi hupotea hewani na kinachobaki ni utomvu unaoziba kabureta. Tanki limwagwe, lisafishwe, na mipira ya mafuta iliyopasuka ibadilishwe.

Hapo ndipo mazoea mabaya yanapoingia: kuvuta petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira. Tone likipenya kwenye mapafu linaweza kusababisha nimonia kali. Fungueni nati ya kumwagia iliyo chini ya tanki, au tumieni pampu ya mkono, mbali na jiko na sigara.

Kama gari lilisimama kabla ya mwaka 2006, kuna uwezekano petroli hiyo ina madini ya risasi. Nchi za Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa mwaka huo, na dunia nzima ikamalizana nayo mwaka 2021. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, ambao ubongo wao bado unakua.

Mafuta yaliyomwagwa yasiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi rangi. Onyo hilohilo linahusu dawa ya rejeta, ambayo ina ladha tamu na inaweza kuharibu figo. Mtoto akinywa petroli, msimtapishe wala msimpe maziwa ili atapike. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa aliyonywea.

Breki kabla ya injini

Familia nyingi hutaka kusikia mlio kwanza. Gari likiwaka kila mtu anashangilia, kijana anaingiza gia, na hapo inagundulika kwamba halina breki. Utaratibu salama ni kinyume chake: gari liweze kusimama kabla ya kuweza kuondoka.

Series III ina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Gari likikaa, mafuta ya breki hunyonya unyevu, silinda ndogo za magurudumuni hushika kutu na mipira yake hukauka. Fundi afungue kila gurudumu, abadilishe mipira, aweke mafuta mapya ya breki na kutoa hewa yote. Oili ya injini isiwekwe humo hata kwa majaribio, kwani huvimbisha mipira na kuua breki njiani.

Vumbi lililo ndani ya ngoma linahitaji heshima. Viatu vya breki vya magari ya miaka hiyo mara nyingi vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo husababisha saratani na magonjwa ya mapafu yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Fundi asipulize vumbi hilo kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Alilowanishe kwa maji, afute kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa. Nguo zake za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto, na watoto wasisimame kumtazama.

Kanuni nyingine haina msamaha: mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki huteleza. Tofali nalo hupasuka bila taarifa. Tumieni stendi za chuma au magogo mapana ya mti mgumu, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe vigingi.

Kuiamsha injini

Injini iliyolala haiburutwi kwa kamba nyuma ya gari lingine. Fundi atoe plagi zote nne, amimine kijiko cha oili katika kila tundu na kuiacha ilainike kwa siku moja au mbili. Kisha aizungushe polepole kwa hendeli kabla ya kurudisha plagi. Ikizunguka kwa wepesi, amwage oili ya zamani, abadilishe filta na kuweka mpya.

Anayezungusha hendeli aweke dole gumba upande mmoja na vidole vingine, asilikumbatishe. Injini ikirudisha nyuma ghafla huvunja mkono. Ajali hizo zilikuwa nyingi zamani kiasi kwamba madaktari waliupa aina moja ya mvunjiko wa mkono jina la mvunjiko wa dereva.

Betri nayo hutoa gesi inayolipuka inapochajiwa, kwa hiyo ichajiwe nje, si chumbani. Tindikali yake ikiruka machoni, osheni kwa maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 20, kisha nendeni hospitali.

Siku ya kuwasha, gari liwe nje, si kwenye banda lililofungwa. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Ekzosi iliyotoboka huingiza gesi hiyo ndani ya gari, hivyo izibwe kabla ya kupakia mtu yeyote.

Safari ya kwanza isiwe ya mgonjwa

Wengi hufufua gari wakiwaza usiku wa dharura: uchungu wa mama mjamzito, degedege la mtoto, safari ya kwenda Mpanda iliyo zaidi ya kilomita 100. Nia hiyo ni njema. Lakini gari lililotoka juu ya mawe wiki iliyopita si la kuaminiwa na maisha ya mtu. Kwa mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga, pigeni kwanza 115, namba ya bure ya huduma ya usafiri wa dharura ya m-mama.

Gari lenyewe lizungushwe mtaani kwanza, kwa mwendo mdogo, bila abiria. Matairi yaliyopasuka ubavuni yabadilishwe hata kama kashata zake bado nzima. Lipelekwe kwa mkaguzi wa magari wa polisi na likatiwe bima. Likipita hapo, babu apewe siti ya mbele, na watoto wasafiri kweli.