Nchi Jirani: Dagaa wa Sahani na Dagaa wa Banda

Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilitangaza mpango mkubwa wa kuamsha uchumi, na ndani ya mpango huo ufugaji wa samaki ulipewa nafasi ambayo haukuwahi kupewa kabla ya hapo. Iliamuliwa yachimbwe mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, kila bwawa likiwa na eneo la meta 300 za mraba. Vijana walilipwa kuchimba, vifaranga vya samaki viligawiwa, na chakula cha kuanzia kilitolewa kwa msaada wa Serikali. Katika muda mfupi hata watu wa nyanda za juu, ambao wengi wao hawakuwa na desturi ya kula samaki, walijikuta na bwawa nyuma ya nyumba.

Mavuno yalipanda upesi. Kufikia mwaka 2014 samaki wa kufugwa nchini Kenya walikuwa takriban tani 24,000 kwa mwaka. Kisha yakaanza kushuka, na ilipofika mwaka 2017 yalikuwa yamebaki kama nusu ya kiasi hicho. Mabwawa mengi yaliachwa yakaota nyasi. Sababu zilikuwa nyingi: vifaranga dhaifu, mabwawa yanayovuja, masoko yaliyo mbali. Lakini iliyo kubwa ni kwamba msaada wa chakula ulipokwisha, mfugaji alitakiwa kwenda dukani kwa fedha zake mwenyewe, na hapo ndipo alipotambua kwamba shimo la maji ni sehemu ndogo tu ya gharama. Wataalamu hukadiria kwamba chakula peke yake huchukua kati ya nusu na theluthi mbili ya gharama zote za kufuga samaki. Kwa nguruwe hesabu haiko mbali na hiyo.

Jambo hili halina budi kueleweka vema na vikosi vya ulinzi na usalama, ambavyo kwa miaka mingi vimehimizwa kujilisha. Jeshi la Kujenga Taifa, tangu lilipoanzishwa mwaka 1963, limeshika jembe pamoja na bunduki. Bwawa kambini au banda la nguruwe nyuma ya kituo si jambo geni. Swali ambalo watafiti wa nchi jirani wamekuwa wakilitafutia jibu ni hili: viumbe hao walishwe nini, na chakula hicho kitolewe katika mdomo wa nani?

Samaki ana faida moja kubwa juu ya nguruwe. Damu yake hufuata joto la maji, kwa hiyo hatumii chakula kuupasha mwili moto. Na kwa kuwa maji humbeba, hahitaji mifupa mizito wala nguvu ya kusimama. Ndiyo maana sato aliyetunzwa vema huweza kuongeza kilo moja ya uzito kwa kilo moja na nusu hivi ya chakula kikavu, hali nguruwe huhitaji karibu kilo tatu. Lakini faida hiyo ina bei yake. Chakula cha samaki sharti kiwe na protini nyingi zaidi. Sato mkubwa huhitaji chakula chenye protini asilimia 28 hadi 32, na vifaranga wake huhitaji zaidi ya hapo. Nguruwe anayekua hutosheka na asilimia 16 hadi 18. Pumba za mahindi, ambazo ndizo wafugaji wengi huzimwaga bwawani, hazifikii hata nusu ya hitaji la samaki. Samaki wa namna hiyo hawafi, bali hudumaa, na mwenyewe hushangaa baada ya miezi minane kuvua samaki wa ukubwa wa kiganja.

Tena protini si kitu kimoja. Hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na baadhi ya vipande hivyo mnyama hawezi kujitengenezea mwenyewe. Mfano wake ni bohari la sare. Kama bohari lina mashati 100 na jozi za viatu 60, askari watakaovaa sare kamili ni 60, na mashati 40 yatabaki rafuni. Katika mahindi kipande kinachopungua kuliko vyote ni kile kiitwacho laisini. Nguruwe akilishwa mahindi matupu, hata kwa wingi, protini inayokosa mwenzi wake huvunjwa na kutoka katika mkojo, na mfugaji huwa amenunua mbolea kwa bei ya chakula.

Kitu kinachojaza pengo hilo kwa urahisi kuliko vingine vyote ni samaki wadogo waliokaushwa na kusagwa. Katika Ziwa Viktoria samaki huyo ni dagaa, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda humwita mukene. Ziwa hilo limegawanyika: asilimia 51 ni ya Tanzania, 43 ya Uganda, na 6 ya Kenya. Lakini dagaa hajui mpaka, wala mnunuzi wa viwanda vya chakula cha mifugo hajali sana ni pwani ipi alikoanikwa. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, huanikwa juani, na sehemu kubwa ya mavuno huishia katika magunia ya viwanda vya kusaga chakula cha kuku, nguruwe na samaki.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Dagaa ndiye kitoweo cha mtu wa kipato cha chini katika kanda nzima. Huuzwa kwa kipimo kidogo, hukaa bila barafu, na kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, humpa mtoto madini ya chokaa pamoja na protini. Kiwanda kinaponunua kwa malori, bei ya ufukweni hupanda, na mama wa nyumbani aliyeko Kisumu, Jinja au Mwanza hupunguza kiasi anachotia chunguni. Dagaa huyo akiisha kupita tumboni mwa nguruwe, sehemu kubwa ya protini yake hupotea njiani, na nyama inayopatikana huuzwa kwa bei ambayo mama yule haimudu. Kwa hiyo hata msikilizaji ambaye dini yake haimruhusu kula nguruwe asidhani mazungumzo haya hayamhusu. Huenda nguruwe ndiye anayekula sahani yake.

Mfugaji naye hapati anacholipia. Dagaa wengi huanikwa mchangani, na mchanga hupimwa pamoja nao. Wako pia wanaouongeza kwa makusudi, au kusaga makombe ya konokono na kuyachanganya humo ili gunia liwe zito. Huo ni wizi wa mizani kama wizi mwingine wowote, ingawa ni nadra kuonekana ukifikishwa mahakamani.

Utafiti wa ziwa hilo una historia ya pamoja. Tangu mwaka 1947 mji wa Jinja ulikuwa makao ya taasisi ya Afrika ya Mashariki ya utafiti wa uvuvi wa maji baridi, na nchi zote tatu zilikuwa zikiitumia hadi Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka 1994 nchi hizo zilitia saini mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, na makao yake yakawa Jinja vilevile. Mwaka huohuo wa 1947 ndipo kituo cha majaribio ya samaki cha Kajjansi, kilichoko kando ya barabara ya Kampala na Entebbe, kilipoanzishwa.

Uganda ndiyo nchi inayostahili kutazamwa zaidi katika habari ya nguruwe. Idadi ya nguruwe wake, ambayo miongo mitatu kabla ilikuwa haifiki laki mbili na nusu, ilihesabiwa kuwa zaidi ya milioni tatu katika sensa ya mifugo ya mwaka 2008. Walio wengi hawako katika mashamba makubwa. Ni nguruwe wawili au watatu waliofungwa kamba nyuma ya nyumba, wakitunzwa na kina mama, na thamani yao ni ada ya shule. Msimu wa mavuno hushiba. Msimu wa kiangazi hula kinachookotwa. Watafiti waliofanya kazi katika wilaya za Masaka na Kamuli waliona kwamba wakati wa mavuno ya viazi vitamu marando mengi huachwa yakioza, ilhali miezi michache baadaye nguruwe haohao hulia njaa. Wakafundisha namna ya kuyavundika: marando pamoja na viazi vidogo visivyouzika hukatwakatwa, hunyaushwa kidogo, hutiwa chumvi kiasi, kisha hushindiliwa ndani ya pipa au mfuko wa plastiki mpaka hewa iishe, na kufungwa kabisa. Hewa isipoingia, malisho hayo huchachuka bila kuoza na huweza kuwekwa kwa miezi. Kazi hiyo haihitaji mashine ya kigeni. Inahitaji panga, pipa na mtu asiye na haraka ya kulifungua. Hata hivyo marando peke yake hayatoshi kumkuza nguruwe. Huokoa kiangazi, lakini laisini bado itatafutwa kwingine.

Wengine hudhani jibu ni makombo ya jikoni, na kambini makombo hayakosekani. Hapo pana hatari ambayo kila msimamizi wa mradi wa kambi au kituo anapaswa kuijua. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 kutokana na nguruwe wa walowezi nchini Kenya. Virusi vyake hukaa katika ngiri bila kuwadhuru, na katika kupe laini wa mashimoni mwao. Vikimfikia nguruwe wa kufugwa, huweza kuangamiza banda zima katika siku chache. Ugonjwa huo haumwambukizi binadamu, lakini hauna tiba. Virusi hivyo huishi muda mrefu ndani ya nyama mbichi au iliyokaushwa, kwa hiyo kipande kimoja cha nguruwe mgonjwa kilichotupwa katika ndoo ya makombo chatosha. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeweka kanuni kwamba makombo yachemshwe kwa joto lisilopungua nyuzi 90 za Sentigredi kwa muda wa saa nzima, huku yakikorogwa bila kuacha. Kuyapasha moto mpaka yatoe mvuke tu hakutoshi. Pasipo na kuni wala mtu wa kuyakoroga kwa saa hiyo, ni heri makombo hayo yaende shimoni.

Mimea nayo imejaribiwa. Soya ina laisini nyingi, lakini ikiwa mbichi ina kizuizi kinachozuia protini isisagike tumboni. Sharti ikaangwe au ipikwe. Mashudu ya pamba ni rahisi kupatikana, lakini yana sumu inayomdhuru nguruwe yakizidi. Majani ya muhogo yana protini nzuri pamoja na sumu ya asili, nayo hupungua yakikatwakatwa na kuanikwa. Kuhusu mahindi yaliyoota kuvu, watu wengi hudhani kwamba yasiyofaa kwa binadamu yanafaa kwa mifugo. Kenya ya mashariki ilipata somo chungu juu ya sumukuvu mwaka 2004, pale watu 125 walipokufa. Sumu hiyo huharibu ini la mnyama kama inavyoharibu la binadamu, na wako samaki walio wepesi kudhurika kuliko mifugo mingi ya nchi kavu.

Njia iliyovutia macho ya wengi imetoka Nairobi, katika kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya. Huko watafiti wamemchunguza nzi mweusi ambaye wataalamu humwita, kwa bahati nzuri ya wasikilizaji wa makala haya, nzi askari. Akiwa mkubwa haumi, wala haandami vyakula vya watu kama nzi wa nyumbani. Funza wake ndiye mwenye kazi. Hula maganda ya matunda, mabaki ya sokoni na machicha ya pombe, na katika muda wa majuma mawili hivi huwa tayari kuvunwa. Akikaushwa, kama asilimia 40 ya uzito wake ni protini, na laisini imo. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2019, nguruwe wanaokua walilishwa funza badala ya unga wa samaki kwa viwango mbalimbali, na hata pale unga wa samaki ulipoondolewa wote, ukuaji wao haukurudi nyuma. Shirika la Viwango la Kenya lilikuwa limekwisha kuweka kanuni za chakula cha mifugo chenye wadudu mwaka 2017, na kwa hiyo biashara hiyo ilipata mlango halali.

Haifai, hata hivyo, kumsifu funza kupita kiasi. Hubeba kilichomo ndani ya taka anazolishwa. Madini mazito kama kadmiamu hukusanyika mwilini mwake, kwa hiyo taka za viwandani hazimfai. Mafuta yake ni mengi, nayo hupaswa kukamuliwa kama chakula kinatakiwa kikae muda mrefu. Shida kubwa zaidi ni kiasi. Kiwanda kimoja cha kusaga huhitaji protini kwa tani, siku kwa siku, na wazalishaji wa funza walio wengi bado huhesabu kwa kilo. Mpaka pengo hilo lizibwe, dereva wa lori la kiwanda na mama mwenye kikapu wataendelea kukutana alfajiri katika ufukwe uleule, mbele ya turubai lilelile la dagaa.