Upanga wa sinema na mkuki wa Kalenga

Katika biashara ya silaha za kale, ambayo ni tawi la soko la vitu vya kukusanya, yaani vitu vinavyonunuliwa ili vihifadhiwe na kutazamwa badala ya kutumiwa, mnunuzi hulipia mambo mawili kwa pamoja: chuma anachokishika mkononi na habari anayosimuliwa juu ya chuma hicho. Habari ikizidi chuma nguvu, sinema hushika nafasi ya mhunzi, na jambo hilo halionekani wazi popote kama kwenye upanga wa ninja, wenye kengee iliyonyooka na kikingio cha mraba juu ya mpini, ambao watazamaji wa mabanda ya video nchini Tanzania waliuzoea kupitia filamu za miaka ya 1980.

Upanga wa umbo hilo ambao umri wake umethibitishwa kuwa wa zama za ninja wenyewe haujulikani kupatikana popote. Ninja, yaani wapelelezi, wa Iga na Koga, wilaya za Japani zilizosifika kwa kazi hiyo, walitumia silaha za kawaida za wakati wao, na panga za Kijapani za karne hizo zilikuwa zimepinda. Mwaka 1981 ikaja filamu ya Enter the Ninja, ikafuatwa na nyingine nyingi za aina yake, na baada ya hapo viwanda vikafua kile ambacho mashabiki walikuwa wamekwisha kukiona. Panga hizo ziliuzwa kwa posta kupitia matangazo ya majarida ya karate, nyingi zikiwa za chuma kisichoshika kutu, zenye kishina chembamba, yaani ile sehemu ya chuma inayozama ndani ya mpini, kiasi kwamba pigo moja zito lingetosha kuzivunja. Hata hivyo, upanga uliotengenezwa mwaka 1984 kwa ajili ya mashabiki ni kitu halisi cha mwaka 1984, na anayeukusanya kwa sifa hiyo hajadanganywa. Udanganyifu huanza pale muuzaji anapoupachika karne ambayo haukuwahi kuiishi.

Hoja hiyo inaugusa mji wa Iringa kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Kutoka Mlandege, kata ya Manispaa ya Iringa, hadi Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ni mwendo wa takriban kilomita 15 kwa barabara ielekeayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na wageni wanaopita njia hiyo wamekwisha kusikia habari za Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Kihehe, wengi wao wakiwa na mikuki, walikiangamiza kikosi cha Wajerumani na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewski. Makumbusho ya Kalenga yana fuvu la Mkwawa, lililorejeshwa mwaka 1954, pamoja na silaha za enzi zake. Mgeni aliyetoka huko hutamani mkuki wa namna hiyo, na tamaa hiyo, ambayo yenyewe haina kosa, ndiyo inayompa muuzaji wa vinyago nafasi ya kuupa mkuki wa mwaka jana umri wa miaka 130.

Chuma, kwa bahati njema, hakijui kusema uongo kwa muda mrefu. Mkuki wa kale wa Nyanda za Juu Kusini ulifuliwa kwa chuma cha tanuri, kilichoyeyushwa kwa makaa na mivukuto na mafundi wa sehemu kama Ukinga, Upangwa na Ufipa, na chuma hicho hubaki na chembe za mavi ya chuma, yaani takataka za udongo na mawe, zinazoonekana kama nyuzi nyeusi pale ubapa ulipolika. Shina la ubapa, linalopokea uti wa mkuki, lilikunjwa kwa nyundo likaacha mshono wazi upande mmoja, ambapo mkuki wa leo, ukiwa umetokana na springi ya gari iliyonunuliwa kwa kilo kama chuma chakavu, mara nyingi huwa umechomelewa na kusuguliwa kwa tupa. Kutu nayo ina umri wake: ile iliyoletwa kwa maji ya chumvi huwa ya rangi ya chungwa na hufutika kwa kidole, ilhali ile ya miongo mingi huwa nyeusi, imeshikamana na chuma na kukichimba vishimo.

Sheria nayo inaingia kwenye bei. Uingereza ilipopiga marufuku panga zilizopinda mwaka 2008, ilisamehe zile zilizofuliwa kwa njia za jadi, hivyo uhalisi ukawa suala la kisheria. Panga za ninja zilifuata tarehe 1 Agosti 2025. Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na vile vya baadaye vyenye matumizi ya kijamii na kitamaduni havipaswi kutolewa nchini bila kibali. Kwa hiyo muuzaji anayemhakikishia mgeni kwamba mkuki ni wa enzi za Mkwawa, kisha akamwachia aufungashe kwenye mzigo wa ndege bila karatasi yoyote, ama anauza kitu kipya kwa bei ya kale, ama anamtia mteja wake hatiani.

Anayepoteza zaidi katika mchezo huo ni mhunzi, kwa kuwa kazi yake nzuri huuzwa kama kazi ya marehemu asiyejulikana. Mfua panga wa Kijapani huchora jina lake kwenye kishina, chini ya mpini, na wakusanyaji huufungua mpini kwa uangalifu ili walisome kabla ya kutaja bei. Mkuki wa springi unaouzwa Iringa una nafasi ya kutosha kwa jina la namna hiyo, ndani ya shina la ubapa, mahali ambapo uti huuficha mchoro usionekane hadi utakapochomolewa.