Mtoto Apigaye Wenziwe Atafutiwe Msaada

Wahenga walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Neno hili ni la hekima, lakini wako wazazi wanaolifasiri vibaya, wakadhani kwamba kukunja ni kuvunja. Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka minne katika kijiji cha Kashozi, ambaye huwauma wenziwe, huwapiga wadogo zake, na hurusha mawe kila anyimwapo kitu. Jirani mmoja asema ana shetani. Wa pili asema amerithi ukali wa babu yake. Wa tatu aleta fimbo. Hakuna hata mmoja aulizaye: Mtoto huyu ana nini?

Swali hilo ndilo mwanzo wa msaada. Wataalamu wa makuzi wametuonyesha kwamba karibu watoto wote hupiga, na kwamba tabia hiyo hufikia kilele kati ya miaka miwili na minne, kwani mtoto wa umri huo ana hasira tele lakini hana maneno ya kutosha. Wengi huacha wakifundishwa. Asiyeacha, huenda hasikii vizuri, au alipata malaria kali iliyodhuru ubongo, au huona mapigano nyumbani, au ana msiba ambao hakuna aliyempa nafasi ya kuulilia.

Kuhusu msiba, mkoa wa Kagera unao ujuzi wa kutosha. Ukimwi, uliotambuliwa humu mwaka 1983, uliwaacha mayatima wengi mikononi mwa bibi zao. Mwaka 1997 mradi wa Humuliza, jina ambalo kwa Kihaya maana yake ni kuliwaza, ulianza huko Nshamba, wilayani Muleba. Uliwafundisha walimu na walezi kuyatambua majonzi yaliyojificha nyuma ya ukaidi, na kumsikiliza mtoto kabla ya kumhukumu.

Na fimbo je? Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana walitendewa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama kipigo kingalikuwa dawa, tungalikuwa taifa la malaika. Mtoto apigwaye hujifunza somo moja tu: mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, yasema kwamba adhabu haina uhalali ikiwa mtoto, kwa udogo wake, hawezi kuelewa makusudi yake.

Basi mzazi na afanye haya. Kwanza, achunguze mtoto hupiga saa ngapi, humpiga nani, na nini kilitangulia. Pili, ampeleke zahanati apimwe masikio na afya yake. Tatu, ashauriane na mwalimu, na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Hata simu namba 116 hupigwa bila malipo. Nyumbani, amzuie mkono kwa upole na uthabiti, amfundishe neno la kusema badala ya ngumi, na amsifu alitumiapo. Baba na mama wawe na kauli moja.

Kutafuta msaada si aibu. Mkulima wa Kashozi auonapo mgomba umenyauka, hauchapi viboko. Huchunguza shina lake, kisha humwita bwana shamba. Je, mtoto wetu ni duni kuliko mgomba?