Kuni Kavu, Moto Safi: Utangulizi wa Elimu ya Jiko la Kuni Mlimani Kilimanjaro

Elimu unayoingia haina idara yake chuoni. Kipande kiko kwa wanafizikia, kingine kwa madaktari wa mapafu, kingine kwa mabwana misitu, na kikubwa kuliko vyote kiko kwa akina mama wanaopika kila siku kuanzia Machame hadi Rombo, ambao wanajua mengi yasiyowahi kuandikwa. Swali lake ni jepesi kulitamka: tuchome kuni vipi nyumbani ili chakula kiive kwa kuni chache, na anayepika asivute moshi? Uwe mwanafunzi, fundi wa majiko, mwuguzi wa zahanati au mama mwenye jiko lake, humu umo.

Naeleza msimamo wangu mapema kwa kuwa utaukuta katika kila sura. Elimu hii inaanzia kwenye kuni, jiko linafuata. Miradi mingi imepanda mlimani na fundi, udongo na vipimo vya matofali, na kuni zenyewe zikaachwa zilivyokuwa, zimerundikwa chini nyuma ya nyumba zikinyeshewa. Jiko banifu likilishwa kuni mbichi litafuka tu. Mafiga matatu yakilishwa kuni kavu zilizopasuliwa vizuri, na mpishi akawa anaujua moto wake, yatakushangaza.

Tuutazame mti kwanza. Mwaka 1984 Fernandes, Oktingati na Maghembe walichapisha utafiti kuhusu vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya Wachaga ambao hadi leo hatujauacha. Waliona kwamba kihamba cha wastani kilikuwa na hekta 0.68, na kilitoa kati ya meta za ujazo 1.5 na 3 za kuni kwa mwaka. Hiyo ilikuwa robo hadi theluthi tu ya mahitaji ya kaya. Zilizobaki zilitafutwa kwingine: mashamba ya chini kuelekea tambarare, na msituni juu. Kwa ajili ya mahitaji hayo serikali ya kikoloni ilitenga mwaka 1941 ukanda wa msitu kwenye mpaka wa chini wa hifadhi, upana wa nusu maili, ili wananchi wapate mbao na kuni. Wenyeji bado wanauita Nusu Maili. Mwaka 2005 mpaka wa Hifadhi ya Taifa ulipopanuliwa, ukanda huo nao ukaingia ndani, na kwa kaya nyingi za ukanda wa juu njia ya kuni ikabadilika.

Tangu utafiti ule wa 1984 vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu. Kuni za leo ni matawi ya mgrevilea yaliyopunguzwa, mibuni mizee iliyong'olewa, mparachichi uliokatika kwa upepo, mkaratusi wa kununua, na kwa walio chini, mabua na magunzi ya mahindi. Ni kuni nyembamba, za namna nyingi, na mara nyingi mbichi. Elimu ya jiko la mlimani haina budi kuanza na hizo, badala ya magogo makavu ya maabara.

Sasa tuingie ndani ya moto. Ukuni ukipata joto, maji hutoka kwanza. Joto likipita nyuzi 200 hivi za Selsiasi, ubao wenyewe huanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi hizo zikiwaka ndizo ndimi za moto tunazoziona. Karibu robo tatu ya uzito wa ukuni mkavu hutoka kwa njia hiyo. Kinachobaki ni makaa. Gesi ikikutana na hewa ya kutosha ingali na joto la nyuzi 600 na zaidi, huwaka ikaisha. Ikikosa hewa, au ikigusa chungu baridi kabla ya wakati, hupoa na kupanda darini, nasi tunaiita moshi. Kwa hiyo moshi ni kuni ulizozichanja, ukajitwika kichwani juu ya ngata, kisha zikatokea kwenye paa pasipo kuivisha chochote. Kuokoa kuni na kuokoa mapafu vinaanzia hapo, ingawa mbele tutaona kuwa haviishii pamoja.

Hesabu kidogo itasaidia. Kilo moja ya kuni zilizokauka kabisa ina nishati ya megajuli 18 hivi. Kuchemsha lita moja ya maji kunahitaji kama theluthi moja ya megajuli. Kwa hesabu tupu, kilo hiyo ingechemsha zaidi ya lita 50. Kwenye mafiga matatu ya kawaida, ambako kama sehemu moja ya kumi ya joto, au zaidi kidogo, ndiyo inayoingia sufuriani, utachemsha lita tano hadi nane.

Je, kuni mbichi? Mti uliokatwa leo unaweza kuwa nusu yake ni maji. Kilo moja yake ina nusu kilo ya ubao, yaani megajuli 9, na kuyageuza maji yale kuwa mvuke kunakula megajuli 1.3 hivi. Ni kama sehemu moja ya saba. Ingekuwa hasara ndiyo hiyo peke yake, tungeivumilia. Hasara kubwa ni kwamba mvuke huo unapoza ndimi za moto, gesi inashuka chini ya joto lake la kuwakia, na sehemu kubwa ya ubao mkavu uliokuwamo inaondoka ikiwa moshi. Wanafunzi wengi hukosea hapa: wanapiga hesabu ya maji na kuisahau hesabu ya gesi.

Chukua ukuni wa mgrevilea uliokatwa wiki iliyopita uusogeze motoni. Baada ya dakika chache, ncha iliyo nje ya moto itaanza kutoa povu, na utasikia mlio mwembamba wa maji yanayosukumwa kwenye mishipa ya mti. Ule mkavu haufanyi hivyo. Ncha yake ina nyufa zilizotoka katikati kwenda pembeni, ganda lake linabanduka kwa kidole, na ukigonganisha viwili vinatoa sauti kali, wakati mbichi zinatoa sauti nzito. Akina mama wa Kibosho na Uru hawahitaji kufundishwa alama hizi. Mimi naongeza mizani tu: weka alama ya chaki kwenye ukuni mmoja, uupime kila wiki, na uzito wake ukiacha kushuka, rundo lako limekauka kiasi hali ya hewa ya hapo inavyoruhusu.

Kukausha kuni ni kazi ya upepo kuliko jua. Pasua kwanza, maana ganda linazuia maji yasitoke. Unene wa kifundo cha mkono wa mtu mzima unatosha kwa jiko la nyumbani. Panga juu ya magogo mawili ili ardhi isizirudishie unyevu, funika juu kwa bati, acha ubavu wazi. Kuni zilizopasuliwa Juni, mvua za masika zikiwa zimekatika, zitakuwa tayari kabla ya masika yanayofuata. Huko juu kwenye ukungu, Marangu ya juu au Kibosho ya juu, zinachelewa, na ndiyo maana nyumba za kale za msonge zilikuwa na uchaga juu ya mafiga, kuni zikimalizia kukauka kwa joto la moto uleule. Mpango huo ulikuwa na akili, nao ulikuwa na hatari ya moto. Pale Moshi mjini kuna chuo cha viwanda vya misitu, FITI, ambako ukaushaji wa mbao ni somo kamili. Kanuni zake zinafaa kuni pia, na natamani mtaala huo ungeshuka hadi jikoni.

Tuje kwenye sufuria. Katika mwinuko wa meta 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo makande ya Old Moshi ya juu yatachukua muda mrefu kuliko ya Tanga kwa maharage yaleyale. Hilo hatuwezi kulibadili, ila mawili yako mikononi mwetu. La kwanza, loweka mahindi na maharage usiku kucha, funika sufuria. La pili, ambalo naliona limepuuzwa kuliko yote: maji yakishachemka, kuongeza kuni hakuongezi joto la maji. Yanatokota kwa fujo, mvuke unapotea, na chakula kinaiva kwa kasi ileile. Katika pishi la saa tatu, kuni nyingi huteketea baada ya sufuria kuchemka. Mpishi anayevuta kuni mbili nje na kuacha ncha moja iwake anaokoa kuliko jiko lolote ninalolijua. Moto wa mbege, ambapo ndizi mbivu huchemshwa kwa masaa, una sura yake peke yake, kwani ndio moto mkubwa kuliko yote kijijini na watafiti wameuandika kwa uchache mno.

Kuhusu majiko yenyewe nitakuwa mfupi, maana sura tano zinayashughulikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho kule Oregon, Marekani, alipanga kanuni za jiko tunaloliita roketi: mdomo mdogo, njia ya moto yenye kona, kuta zisizonyonya joto, ndimi kuwaka zikaisha kabla ya kugusa chungu, na nafasi nyembamba kuzunguka chungu ili hewa ya moto iparuze ubavu wake. Kuni hukaa juu ya kirafu ili hewa ipite chini yake, na ncha tu ndizo zinazowaka. Kanuni hizi ni bora kuliko umbo lolote, na fundi anayezielewa anaweza kutengeneza jiko zuri kwa vilivyopo. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni ukuta mnene wa udongo mzito. Ukuta huo hunywa joto kwa nusu saa kabla ya kulitoa. Jikoni mwa shule panapopikwa kutwa unalipa. Nyumba inayochemsha chai asubuhi na kupika ugali jioni, ukuta huo unaipotezea kuni. Jivu lililochanganywa na udongo mwepesi hufanya kazi vizuri zaidi karibu na moto.

Sasa afya, na hapa nakuomba usome taratibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka chembechembe laini zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa meta ya ujazo kwa mwaka. Jiko la mafiga lisilo na dirisha hupita hapo mara nyingi mno. Hayati Kirk Smith, aliyetumia maisha yake kupima moshi huu, aliongoza jaribio nchini Guatemala, matokeo yake yakatoka mwaka 2011. Majiko yenye dohani yalipunguza moshi waliouvuta watoto kwa karibu nusu. Kichomi kikali kilipungua, lakini idadi ya jumla ya kichomi haikushuka kwa kiwango ambacho takwimu zingeweza kukithibitisha. Kisha Malawi, katika jaribio kubwa ambalo majibu yake yalitoka mwishoni mwa 2016, majiko yenye feni hayakupunguza kichomi cha watoto hata kidogo. Watoto walikuwa bado wanavuta moshi wa jirani, wa takataka, na wa moto wa pili uliobaki nyumbani.

Matokeo hayo yaliwavunja moyo wengi. Mimi nayaona kuwa ndiyo yaliyoikomaza elimu yetu. Yanatufundisha kutenganisha madai mawili: jiko linalookoa kuni, na jiko linalolinda pumzi. La kwanza tunaweza kuliahidi. La pili linahitaji kuni kavu, dohani inayotoka juu ya kilele cha paa, matundu mawili yanayotazamana, watoto wasiokaa mdomoni mwa jiko, na pale inapowezekana gesi au umeme. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, nami nauunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo naziona nyumba zenye mtungi wa gesi zikiwasha kuni kwa ajili ya makande na maji ya kuoga, na zitaendelea hivyo kwa muda. Wanaopika kwa kuni katika miaka hiyo wanastahili elimu bora tuliyo nayo leo.

Jambo moja halisubiri sura yake. Kwenye baridi ya Juni na Julai, usiingize jiko la mkaa wala makaa ya kuni chumbani ukafunga mlango. Makaa yasiyo na moshi yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Kama kuna unayempenda anayefanya hivyo, mwambie leo kabla hujaendelea kusoma.

Huhitaji maabara kuanza. Tafuta mizani ya kuning'iniza, kamba na daftari. Kila asubuhi kwa wiki moja pima rundo la kuni utakazotumia, jioni pima zilizobaki, andika tofauti, idadi ya walaji na kilichopikwa. Usibadilishe chochote wiki hiyo, wala kuni, wala jiko, wala mfuniko. Namba hizo utazihitaji kuanzia sura ya pili.